Waliposhushwa Ovada: kisa cha Milan–San Remo ya 2013

Jumapili ya tarehe 17 Machi 2013, kundi la waendesha baiskeli wa kulipwa lilisimamishwa Ovada, mji mdogo wa kaskazini-magharibi mwa Italia, likiwa limeshakata kilomita 117 katika mvua iliyochanganyika na theluji. Mbele yao ulikuwa mlima Turchino, na huko juu theluji ilikuwa imeshaifunika barabara. Wakaambiwa washuke. Wakapanda mabasi ya timu zao, wakavushwa upande wa pili wa milima hadi Cogoleto, mji wa pwani, na huko wakapewa baiskeli zao na kuambiwa mbio zinaendelea. Jioni ile Mjerumani aliyekuwa akiiendeshea timu ya Afrika Kusini alikuwa wa kwanza kuvuka mstari wa mwisho mjini San Remo.

Kisa hiki nimekirudia mara nyingi, na si kwa sababu ya mshindi peke yake. Mimi si mwanamichezo wa kulipwa. Naendesha na kundi letu la Jumamosi hapa Mbeya, watu kumi na wawili tukitimia, na njia zetu nyingi ni milima yenye baridi. Walioizungumzia siku ile wengi waliuliza kama mbio zenye safari ya basi katikati bado ni mbio. Swali ninalolibeba mimi ni jingine: kundi likishakuwa barabarani, nani mwenye kusema "tusimame", na aseme lini? Kwa kisa cha Ovada naona kusimama kulikuwa sahihi, kulichelewa, na kulikuwa sehemu ya mashindano sawa na mlima wowote waliowahi kuupanda.

Njia yenyewe

Waitaliano wanaziita mbio hizi La Primavera, majira ya kuchipua. Sisi hatuna neno la mkato kwa majira hayo kwa kuwa hatunayo. Machi huku Nyanda za Juu Kusini mvua bado zinapiga na mahindi yamesimama shambani. Kaskazini mwa Italia Machi ni mwezi usio na uhakika: leo jua, kesho theluji. Mbio zilianzishwa mwaka 1907, Mfaransa Lucien Petit-Breton akashinda, na kwa miaka mingi sasa kawaida yake ni kuchezwa katikati ya Machi, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Urefu wake ni kama kilomita 300, hakuna mbio za siku moja za kulipwa zilizo ndefu kuliko hizo. Mwaka 2013 zilipangwa kuwa kilomita 298.

Ukiifuata njia ya mwaka ule kwenye ramani utaelewa kwa nini jina la majira limezikaa vizuri. Unaondoka Milan na kuingia tambarare ya mto Po, mashamba ya mpunga upande wa Pavia, barabara zilizonyooka, vijiji vyenye mnara wa kanisa mmoja mmoja. Unapita Voghera, Tortona, Novi Ligure, Ovada. Kisha ardhi inaanza kuinuka pole pole kwa kilomita kama 25 hadi handaki la Turchino, mita 532 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka handakini unateremka hadi Voltri, na bahari iko mbele yako. Kuanzia hapo ni barabara ya pwani iitwayo Aurelia, maji mkono wa kushoto, hadi San Remo, mji unaojulikana kwa kilimo cha maua. Yaani kundi linaondoka kwenye baridi ya bara asubuhi na kuingia kwenye maua jioni. Milima ile inazuia hewa ya baridi ibaki upande wa Po, na bahari inapasha joto upande wa pili. Turchino ndio mlango kati ya hewa mbili.

Mlima huo si mkali. Yupo kila mwaka mtu wa kusema kwamba Turchino hauamui chochote siku hizi, maana ukiuvuka bado una kilomita 150 mbele. Ni kweli kwa siku ya kawaida. Lakini mwaka 1946, mbio zilipofufuka baada ya vita, Mwitaliano Fausto Coppi alitokea kwenye handaki lile peke yake na akashinda kwa dakika 14. Na tarehe 3 Aprili 1910 Mfaransa Eugène Christophe aliukuta umejaa theluji, akasimama kwa maumivu, akaokolewa na watu wa nyumba ya wageni iliyokuwa kando ya njia, akapata joto, akatoka tena na kushinda baada ya zaidi ya saa 12 barabarani. Waliofika siku hiyo walihesabika kwa vidole vya mkono. Christophe alilazwa hospitali kwa wiki kadhaa baada ya hapo. Kila anayetaja uanaume wa zamani humtaja yeye, na hospitali huachwa nje ya hadithi.

Kilomita 117

Timu 25 zilianza, kila moja na watu 8. Mvua ilikuwa ya baridi tangu mapema. Watu sita walichomoka mwanzoni: Lars Bak wa Denmark, Maxim Belkov wa Urusi, Pablo Lastras wa Hispania, na Waitaliano watatu, Filippo Fortin, Matteo Montaguti na Diego Rosa. Walipofika Ovada walikuwa wameliacha kundi kuu kwa kama dakika 7. Huo ni mchezo wa kawaida wa Milan–San Remo: wachache wanatangulia, kundi linawaachia kamba, linakuja kuivuta baadaye pwani.

Kisichokuwa cha kawaida ni hali ya watu. Picha za siku ile bado zipo, na yeyote aliyewahi kuendesha akitetemeka hawezi kuzitazama kirahisi. Helmeti zina ganda la barafu juu yake kama chombo kilichosahaulika kwenye friza. Nyuso ni nyekundu na zimevimba. Mabega yamepandishwa hadi masikioni.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu watu wasioendesha baiskeli hudhani anayefanya mazoezi hawezi kupata baridi. Misuli ya mwendesha baiskeli ni kama jiko la mkaa linalovuja: kama robo tu ya nguvu inayochomwa ndiyo inafika kwenye pedali, iliyobaki yote inatoka kwa njia ya joto. Kwenye mlima joto hilo linatosha hata kumfungulisha mtu koti. Lakini mbio hizi kwa kilomita 117 za kwanza ni tambarare, na kwenye tambarare mtu aliye ndani ya kundi anakingwa upepo na waliomtangulia. Anaweza kuokoa hata theluthi ya nguvu zake. Siku ya jua hiyo ndiyo rehema kubwa ya kuendesha kwa kundi. Siku ya mvua ya barafu inageuka: anayefanya kazi kidogo anatengeneza joto kidogo, na wakati huohuo tairi la mbele yake linamrushia maji kifuani na mapajani bila kukoma. Maji yanaondoa joto mwilini kama mara 25 zaidi ya hewa. Kwa hiyo naamini kabisa kwamba wale sita waliokuwa mbele, wenye kufanya kazi zaidi, walikuwa na nafuu ya mwili kuliko wengi waliojificha katikati ya kundi.

Ongeza upepo. Hewa ikiwa nyuzi 0 na wewe unateremka kwa kilomita 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapata baridi ya kama nyuzi 8 chini ya sifuri. Na kwenye mteremko hukanyagi pedali, yaani jiko limezimwa kabisa. Huo ndio ungekuwa mteremko wa Turchino kuelekea baharini: nguo zimelowa, misuli imelala, barabara ina theluji, na breki zikiwa za kubana rimu, maana mwaka ule breki za diski zilikuwa bado hazijaruhusiwa kwenye mbio za barabarani. Rimu ikilowa, unabana kwanza ili kufuta maji, ndipo baiskeli inaanza kupunguza mwendo. Hesabu hiyo inahitaji vidole vinavyosikia.

Vidole visivyosikia nimeviona kwa karibu. Mwezi wa sita mmoja tulipanda Kawetere, barabara ya Mbeya kwenda Chunya, inayofika zaidi ya mita 2,000 juu. Kipupwe kilikuwa kimekaza na ukungu ulitunyeshea njia nzima. Kupanda hakukuwa na shida, tulitoa jasho. Tulipogeuza kuteremka, kijana aliyekuwa nyuma yangu akaniita: "Kaka, vidole sivisikii." Nikamwambia afunge breki pole pole, asimame. Nikageuka na kumwona anabana breki kwa viganja, vidole vimebaki vimenyooka mbele kama vya sanamu. Alisimama kwa kuingia kwenye majani ya kando. Tulimfikisha kwa mama mmoja aliyekuwa na jiko la mkaa na birika la chai, na kikombe tulimshikia sisi, kwa maana alipojaribu mwenyewe chai yote ilimwagika magotini. Kilichonishtua zaidi si mikono. Dakika kumi kabla ya hapo nilikuwa nimemuuliza kama yuko sawa, akajibu yuko sawa, na alikuwa anamaanisha.

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu anatetemeka, ulimi unakuwa mzito, na uamuzi unapotea. Akili inayotakiwa iseme "nimechoka, nisimame" ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kulegea. Ndiyo maana sikubaliani na wale waliosema Ovada kwamba kila mwendeshaji angeachiwa aamue mwenyewe, mwenye kuweza aendelee na asiyeweza apande gari. Katika baridi ya namna ile asiyeweza ndiye hajui kuwa hawezi. Na pembeni yake yupo mwenzake, sentimita chache kati ya tairi na tairi, anayeutegemea uamuzi huo ili asianguke.

Ndani ya basi

Waandaaji, RCS Sport, waliondoa Turchino, na kilima cha Le Manie kilichokuwa mbele zaidi nacho kikaondolewa. Mbio zikabaki kama kilomita 246. Wale sita walirudishiwa faida yao kwa saa: wao waliruhusiwa kuondoka Cogoleto kwanza, kundi likasubiri hadi muda uliowatenganisha utimie. Hilo nalisifu. Ni jambo dogo la haki ambalo lingeweza kusahaulika katika vurugu za siku kama ile, na bila hilo kazi yao yote ya asubuhi ingekuwa bure.

Lakini tazama kilichotokea ndani ya mabasi, maana hapo ndipo naona mbio zilipochezwa. Mtu amekaa kwenye kiti chenye joto. Amevuliwa nguo zilizolowa, amepewa kavu, amekunywa kitu cha moto. Damu inaanza kurudi kwenye vidole, na anayejua maumivu ya vidole vinavyorudiwa na damu anajua kwamba ni makali kuliko ganzi yenyewe. Baridi iliyokuwa kwenye miguu na mikono inarudi ndani na damu, kwa hiyo anaweza kutetemeka zaidi akiwa kwenye joto kuliko alivyotetemeka barabarani. Dirishani mvua bado inanyesha. Na anajua kwamba baada ya muda mfupi ataambiwa atoke tena, aanze upya na misuli iliyokwisha kupoa, kwa kilomita kama 130 nyingine.

Tom Boonen wa Ubelgiji hakutoka. Huyu ni mtu aliyeshinda Paris–Roubaix mara nne na Ronde van Vlaanderen mara tatu, mbio za mawe na matope, na hakuna anayeweza kumwita mwoga. Aliona hakuna sababu ya kuendelea, akabaki. Wapo waliomlaumu. Mimi simlaumu hata kidogo. Alikuwa na Ronde van Vlaanderen wiki mbili mbele yake, na mwili ni wake. Kwamba huko nako alianguka mapema na kutoka, hilo halibadilishi uamuzi wa Ovada. Uamuzi unapimwa kwa yale mtu aliyoyajua saa ile.

Mabasi yale, kwa hiyo, yalichuja watu. Kilichopimwa ni nani anaweza kupoa na kuwaka tena, kula wakati tumbo limekataa, kusahau kiti cha joto. Turchino ingepima kitu kilekile kwa njia ya hatari zaidi. Anayesema wote walipewa nafasi ya kupumzika na kuanza sawa hajawahi kuvaa soksi iliyolowa mara ya pili.

Cogoleto hadi San Remo

Pwani kundi liliwapunguza wale sita kidogo kidogo hadi wakashikwa wote. Baada ya Cipressa, kilima kilichoingizwa kwenye njia mwaka 1982, walikuwa wameshatangulia Sylvain Chavanel wa Ufaransa na Ian Stannard wa Uingereza. Wakaingia na uongozi wao kwenye Poggio, kilima cha mwisho, kisichofika kilomita 4 na chenye kona zilizobana katikati ya nyumba za vioo za maua. Hapo Fabian Cancellara wa Uswisi akakaza, Peter Sagan wa Slovakia akamfuata, na pamoja nao akawemo mtu ambaye wachache walimtazamia: Gerald Ciolek.

Kwenye mteremko wa Poggio wakawafikia wawili wa mbele, na Mwitaliano Luca Paolini akajiunga. Sita tena, lakini sita wengine. Mmarekani Taylor Phinney alikuwa nyuma yao peke yake, akivuta kwa nguvu zote, na akamaliza wa 7. Stannard alijaribu tena kuchomoka karibu na mwisho, na Sagan ndiye aliyebeba mzigo wa kumfuata. Kila mtu barabarani alikuwa anamwangalia Sagan, na Sagan alikuwa anamwangalia Cancellara. Sagan akafyatuka mapema kidogo. Ciolek alikuwa nyuma ya tairi lake, akangoja, akatokea upande na kumpita kabla ya mstari. Sagan wa pili, Cancellara wa tatu, Chavanel wa nne, Paolini wa tano, Stannard wa sita. Muda wa mshindi ulikuwa saa tano, dakika 37 na sekunde 20, mwendo unaozidi kilomita 43 kwa saa siku ambayo asubuhi yake watu hawakuweza kushika usukani vizuri.

Ciolek alikuwa na miaka 26 na wengi walishamweka kwenye orodha ya walioahidi bila kutimiza. Mwaka 2005, akiwa na miaka 18, alikuwa bingwa wa taifa wa Ujerumani. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa vijana wa chini ya miaka 23. Kisha ikaja miaka ya timu kubwa bila ushindi wa uzito ule. Mwaka 2013 akahamia MTN-Qhubeka, timu ya Afrika Kusini iliyokuwa imeingia daraja la pili la mchezo huu duniani, ya kwanza kufika hapo ikiwa imesajiliwa Afrika. Ilikuwa Milan kwa mwaliko. Qhubeka katika lugha za Kinguni maana yake ni songa mbele, na ni jina la shirika linalogawa baiskeli kwa watu wanaotembea mbali kwenda shule na kazini. Katika timu hiyo ndimo alimokuwa Adrien Niyonshuti, Mnyarwanda, kwa hiyo huku kwetu Maziwa Makuu tulikuwa na sababu ya kuijua kabla ya siku ile. Miaka miwili baadaye timu hiyohiyo iliwapeleka Waeritrea Daniel Teklehaimanot na Merhawi Kudus kwenye Tour de France, na Teklehaimanot akavaa jezi ya mfalme wa milima, ya anayeongoza kwa pointi za kupanda.

Je, bila basi Ciolek angeshinda? Wapo wanaosema kuondolewa kwa Le Manie kuliwaokoa wenye kasi ya mwisho. Hoja hiyo haisimami. Mark Cavendish, mwenye kasi kuliko wote wa kizazi kile, alishinda mbio hizi mwaka 2009 Le Manie ikiwemo njiani. Na mwaka 2013 Cavendish alikuwepo, alipandishwa basi kama wenzake, alisamehewa vilima vilevile viwili, na hakuwemo katika wale sita. Kusamehewa mlima kulikuwa kwa wote. Kuwaka tena Cogoleto kulikuwa kwa wachache.

Uamuzi ulipochelewa

Lawama yangu iko kwingine. Sababu ya kusimama Ovada ilikuwa barabara: theluji juu ya Turchino, haipitiki. Ni sababu nzuri. Lakini miili ilikuwa imeshaharibika kabla ya Ovada, kwenye tambarare ambako barabara ilipitika vizuri. Laiti Turchino ingekuwa na lami tupu siku ile, kwa hesabu hiyo wangeendelea, wakapanda, na wakaanza kuteremka kwa kilomita nyingi na vidole kama vya kijana wetu wa Kawetere. Walipima njia, wakasahau kumpima anayepita. Kilomita 117 za mvua ya barafu bila mlima zinaweza kumwumiza mtu kuliko kilomita 10 za theluji mlimani, na kiongozi wa safari anatakiwa kuwa na kipimo cha hilo kabla ya kuondoka: joto likiwa kiasi hiki na mvua ipo, tunakata hapa. Anayeanza kujadili akiwa tayari amelowa anajadili na akili iliyopoa.

Wapenzi wa mashujaa hapa hunitajia Mfaransa Bernard Hinault. Tarehe 20 Aprili 1980, katika Liège–Bastogne–Liège, mbio za siku moja za Ubelgiji, theluji ilianguka tangu mwanzo. Watu 174 walianza, 21 wakamaliza, na Hinault akashinda kwa dakika 9 na sekunde 24. Ni ushindi mkubwa, nami naustahi. Lakini Hinault mwenyewe alibaki na vidole viwili ambavyo havikurudi kuwa kama zamani. Na watu 153 waliotoka siku ile walikuwa wataalamu, wenye magari ya timu nyuma yao na blanketi. Kundi la Jumamosi halina gari nyuma. Likiwa na watu 12 na likapoteza kwa uwiano uleule, lingefika nyumbani na mtu mmoja au wawili.

Mambo yalibadilika, ingawa polepole. Mwaka 2016 shirikisho la kimataifa la mchezo huu, UCI, lilianza kutumia utaratibu wa hali mbaya ya hewa. Unataja mvua inayoganda, theluji iliyojaa barabarani, upepo mkali, joto au baridi ya kupita kiasi, kutoonekana kwa njia na hewa chafu, na unataka waandaaji, wawakilishi wa waendeshaji na wa timu, daktari na waamuzi wakutane kabla ya kuanza inapotazamiwa kuwa hatari. Tarehe 9 Machi mwaka huohuo hatua ya tatu ya Paris–Nice, mbio za siku kadhaa za Ufaransa, iliyokuwa imalizikie Mont Brouilly, ilisimamishwa kwa theluji na kufutwa. Siku chache baadaye hatua kuu ya milima ya Tirreno–Adriatico, mbio za siku kadhaa za Italia, ikafutwa pia. Kelele zilikuwepo, hasa kwa waliotaka kuona milima. Ninachokipenda katika utaratibu huo ni kwamba daktari anakaa mezani kabla mtu yeyote hajalowa.

Sisi tuliandika wetu kwenye karatasi moja, baada ya Kawetere. Aliye mbele hana sauti zaidi ya aliye nyuma. Mtu akisema mara moja kwamba mikono imekufa ganzi, wote tunasimama, hatumuulizi kama yuko sawa. Tunampa kazi ya kufanya kwa vidole: afungue na kufunga buckle ya helmeti. Akishindwa, safari imeishia hapo kwa wote. Kila mmoja anabeba glavu kavu kwenye mfuko wa plastiki, na gazeti la kuweka kifuani kabla ya mteremko, kama walivyofanya waendeshaji wa zamani wa Ulaya. Gazeti linazuia upepo kuliko unavyodhani, na muuza duka yeyote anakupa la juzi bure. Pa kugeuzia tunapataja asubuhi tukiwa bado tumekauka.

Mwezi wa sita uliopita tulipataja, na ukungu ukatukuta kabla hatujafika nusu ya kupanda. Wawili walikuwa na nguvu za kuendelea na walisema hivyo. Tukageuza wote kumi na mmoja, tukateremka kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, na yule mama wa jiko la mkaa akaongeza maji kwenye birika alipotuona tunakuja.